Ufa Uliopunguzwa kwa Makubaliano

Mara ya kwanza nilipoona usukani wa pikipiki ukikatika, aliyekuwa akiiendesha hakuuachilia. Njia ilikata kona ya kushoto. Yeye alikwenda moja kwa moja, ameunyanyua usukani mbele ya kifua kama mtu aliyebeba sinia la chai, na pikipiki chini yake ikijiamulia mambo yake. Alipita katikati ya akina mama wauza sambusa, akaruka tuta la mchanga, akatokomea ndani ya kichaka cha miti ya miiba ya mathenge. Tulipomfikia alikuwa ameketi chini, miiba imemjaa mgongoni, usukani bado uko mikononi. Swali lake la kwanza lilikuwa nani ameshinda.

Uwanja wenyewe ni bwawa. Mvua ikinyesha, ng'ombe na ngamia hunywa hapo, nje kidogo ya barabara ya kwenda Balambala. Mvua ikikosekana, matope hukauka yakawa magumu kama sakafu, na vijana wa bodaboda wa Garissa hupanga matairi makuukuu pembeni na kupaita uwanja wa mbio. Huzunguka humo Jumamosi asubuhi, kabla jua halijakolea. Wakati mwingine twiga huja na kusimama katikati ya njia, na mbio husubiri, kwa kuwa hakuna twiga aliyewahi kupigiwa honi akaona aibu.

Mimi si mwendesha mbio. Nafanya kazi redioni, ambako kila jioni husoma matangazo ya mifugo waliopotea: ngamia jike mwenye alama shavuni, mbuzi weupe walioonekana mara ya mwisho upande wa Waberi. Kazi hiyo imenizoesha kuuliza mambo kwa mpangilio. Kwa hiyo siku ile, wenzangu walipokuwa wakimchomoa kijana miiba, niliuomba ule usukani nikautazama pale ulipokatikia. Nusu ya mkato ilikuwa nyekundu kwa kutu. Nusu iling'aa kama kijiko kipya. Ile nusu nyekundu haikukatika siku ile. Ilikatika kitambo, ikaliwa na kutu polepole, na muda wote huo kijana alikuwa akiendesha kwa nusu iliyobaki.

Nikawaambia hivyo. Waendeshaji walinisikiliza kwa heshima, kisha wakakubaliana kwamba lilikuwa jicho la hasidi. Jumamosi iliyofuata kila usukani ulikuja umeongezwa shanga za kinga.

Chanzo hakikuwa hasidi, kilikuwa maziwa. Pikipiki zinazoshindana Jumamosi ndizo zinazobeba maziwa ya ngamia siku nyingine zote. Mitungi ya nyuma ikijaa, ya ziada huning'inizwa kwenye usukani, mmoja huku na mmoja huku, na barabara ya vumbi huitikisa mpaka mjini. Bomba la usukani halikuundwa kwa kazi hiyo. Likipinda, hunyooshwa kwa nyundo. Likipasuka, fundi wa kuchomelea huliunga kwa moto, na kando tu ya pale alipounga ndipo linapoanza kupasuka upya. Kisha hufunikwa.

Hapa lazima nieleze habari ya nguo. Kwetu usukani hauachwi uchi. Mke, au dada, au mchumba, huushonea kitambaa kinachofunika bomba lote kutoka mpini hadi mpini, chenye vishada vinavyopepea. Hakifungwi kwa vifungo; hushonwa papo hapo juu ya pikipiki. Kumfumulia mtu kitambaa hicho mbele ya watu ni sawa na kuingia chumbani kwake na viatu. Ikawa sehemu zote ambazo mkaguzi angetaka kuziona ni zile zile ambazo hapana mtu aliyeruhusiwa kuziona.

Mmoja wa wauza sambusa aliposema hatauza tena mahali ambapo pikipiki hazijui kona, kamati iliitishwa. Mwenyekiti alikuwa dalali wa mifugo, mzee mnene mwenye ndevu za hina, aliyekuwa akitoa beberu awe zawadi ya mshindi. Kwa sababu beberu alikuwa wake, kamati pia ilikuwa yake. Mimi nikafanywa karani kwa kuwa nilikuwa na kalamu.

Nilitazama video za watu wanaoendesha kwenye viwanja vya lami, nikaandika ukurasa mmoja wa mambo ya kukagua. Nati za vibano vinavyoushika usukani juu ya foku, ile miguu ya gurudumu la mbele, zikazwe sawasawa. Mipini isizunguke mkononi. Mpini wa mafuta ukiachiliwa urudi wenyewe. Ncha za bomba zizibwe, zisije zikamtoboa mtu akianguka. Bomba lote litazamwe kwa macho, kutafuta mstari wa kutu au rangi iliyobanduka. Mwisho nikaweka kipimo cha nguvu: mkaguzi asimame mbele ya pikipiki, abane gurudumu la mbele kati ya magoti, aushike usukani kwa mikono miwili, auvute na kuusokota kwa uzito wake wote. Usukani utakaokatika hapo ni ule ambao ungekatika kwenye kona.

Dalali alisomewa yote, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hii ni soko tu," akasema. "Kila siku mimi nakagua ngamia. Naangalia meno, naangalia kwato, naangalia nundu. Bikibiki ni nini? Niachie mimi."

Ijumaa, siku moja kabla ya ukaguzi, dada yangu mdogo alinipigia simu. Mumewe ni mmoja wa wabeba maziwa, na kwa maoni yake mwenyewe ndiye mwenye kasi kuliko wote.

"Kaka, ule usukani unalia," dada akasema.

"Unalia vipi?"

"Akikata kona unalia kama mlango wa choo. Nikimwambia, anasema ni vishada."

"Na kitambaa si ulishona wewe?"

"Nilishona, ndiyo. Ungeona kilichokuwa chini yake, hata wewe ungefunika. Ameniapia kitu kimoja. Ukaguzi ukisema hapana, hatashindana, na usukani atautoa. Ukisema sawa, nisimsumbue tena. Kaka, mimi beberu simtaki. Namtaka huyu mtu arudi na mikono yake miwili."

Jumamosi pikipiki zilipangwa safu, na dalali akaanza kazi kwa taratibu anazozijua. Sokoni bei ya ngamia haitajwi kwa sauti. Dalali na muuzaji hushikana mikono chini ya shali, vidole vikazungumza, huku midomo ikiulizana habari za mvua. Basi mzee alivua shali lake begani, akalitandaza juu ya usukani wa kwanza, akapenyeza vidole chini ya kile kitambaa pale kilipolegea. Mwenye pikipiki naye akapenyeza mkono wake kutoka upande wa pili. Kwa namna hiyo hakuna usukani uliofunuliwa na hakuna mtu aliyeaibishwa. Nilikiri moyoni kwamba sikuwa nimelifikiria hilo.

"Wajir kumenyesha?" dalali akauliza.

"Manyunyu tu, alhamdulillahi," kijana akajibu.

"Na mama hajambo?"

"Hajambo."

Chini ya shali kitu kilikuwa kikitikisika kama paka ndani ya gunia. Mwishowe wakapigana mikono kwa nguvu, na mzee akanigeukia.

"Andika. Nusu kidole."

"Nusu kidole ya nini?"

"Ya ufa. Mimi nimesema kidole nzima, yeye amesema hakuna kitu. Tumepatana nusu."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mzee, kama ufa ni wa kidole kizima, basi ni wa kidole kizima."

"Hiyo ni bei ya kwanza," akasema kwa upole, kama anayemfundisha mgeni. "Nani anachukua bei ya kwanza?"

Tukaendelea na safu nzima namna hiyo. Ufa wa vidole viwili ulishuka ukawa kimoja. Mpini uliozunguka ulikubaliwa kuwa unazunguka kidogo. Kwa nati iliyokosekana walipatana, ikaandikwa kuwa imelegea. Kijana mmoja aliyetoka Kotile, mtu mkweli, aliposhikwa mkono tu alisema kwa sauti, "Ni kidole, mzee, hata mimi nilikiona," na wenzake wakamtazama kwa huruma, kama mtu aliyeuza fahali kwa bei ya kwanza. Huyo peke yake ndiye aliyekataliwa. Waliobaki walishukuru, wakaenda kunywa chai, kila mmoja akijisifu alivyompunguzia mzee.

Ikafika zamu ya shemeji. Kitambaa cha usukani wake kilikuwa pazia jekundu la sebuleni kwao, vishada vya dhahabu vikining'inia kila upande. Mazungumzo yao yalikuwa marefu.

"Watoto?"

"Wazima."

"Ngamia?"

"Wananenepa, mashallah."

Nyusi za mzee zilipanda, zikashuka, zikapanda tena. Shemeji alitazama juu angani kama anayehesabu mawingu, na mawingu hayakuwapo. Mwishowe mikono ikapigwa.

"Robo kidole," dalali akasema, akifuta jasho. "Huyu kijana ni hodari sana. Andika."

Sikuandika. Niliomba nami nipenyeze kidole. Nikakuta uvimbe wa kuchomelea, karibu kabisa na kibano, na kando yake mstari. Nikaufuata kwa ukucha. Ulizunguka ukaenda chini ya bomba, ukaendelea kwa nyuma, na kila mahali ukucha ulizama. Nilitafuta mwisho wake nisiupate.

"Seeddi," nikamwambia, kwetu ndivyo mashemeji tunavyoitana. "Huu ufa hauna mwisho."

"Tumeshapatana, seeddi."

"Umepatana na mzee. Ufa haukuwapo kwenye mazungumzo."

Kicheko kikapasuka nyuma yetu. "Wazee, ufa umepata wakili!" mmoja akapiga kelele. Mwingine akasema, "Mwachie, atautangaza jioni: umepotea ufa, mrefu, rangi ya kutu!"

Nikafunua ukurasa wangu, nikasoma kwa sauti kipimo cha mwisho, kile cha magoti. Wakati huo ndipo nilipotambua kwamba tangu asubuhi hapana mtu aliyekuwa ameuvuta usukani wowote. Walikuwa wakigusa kwa vidole viwili, kama wanaopapasa tumbo la mgonjwa.

Dalali akakohoa. "Hiyo ina sheria yake," akasema. "Soko inasema, ukimpima mnyama ya mtu kwa nguvu akavunjika mguu, huyo mnyama ni yako. Umenunua."

"Hii si mnyama, mzee."

"Inakunywa, inabeba, inakataa asubuhi. Ni nini basi?"

Shemeji alikuwa anatabasamu. Aliegemea tangi, mikono kifuani. "Vuta, seeddi. Mimi sina neno. Ukivunja, umenunua pikipiki, na helmeti nakupa bure. Usipovunja, andika robo, uende ukanywe chai."

Nilikuwa na pikipiki yangu. Sikuhitaji nyingine, na hasa sikuhitaji ile. Nikasogea kando nikampigia dada, nikamweleza yote, shali, vidole, na sheria ya soko.

"Wanasema nikiuvunja, nimenunua."

Nilisikia kijiko kikigonga sufuria, kisha kikaacha.

"Nunua," akasema, na simu ikakatika.

Nikarudi. Nikasimama mbele ya pikipiki, nikabana gurudumu la mbele kwa magoti, nikashika mipini miwili. Kutoka pale nilimwona shemeji usoni, na yeye aliniona mimi, na kati yetu kulikuwa na pazia lao la sebuleni. Nikavuta. Hakuna kilichotokea, ila vishada vilicheza.

"Karani anacheza densi!"

"Mpeni mahari!"

"Umepima, inatosha," dalali akasema. "Njoo tunywe chai."

Ningeweza kuachia hapo, na kila mtu angesema nimefanya kazi yangu. Lakini niliusikia: mlio mdogo, mkavu, kama mlango wa choo. Nikakanyaga vizuri, nikaegemea nyuma kwa uzito wote, na nikasokota.

Usukani haukukatika kwa kishindo. Ulisalimu amri. Upande wa kulia ulilegea mkononi mwangu, ukashuka, ukaning'inia ndani ya pazia kama shingo ya kuku aliyechinjwa. Mshono wa dada yangu ulikuwa imara. Haukuachia hata uzi mmoja. Kwa hiyo mbele ya macho ya watu kulikuwa na usukani mmoja mzima, mwekundu, wenye vishada, ambao nusu yake ilikuwa inatazama chini.

"Umevunjika," nikasema.

"Haujavunjika," shemeji akasema. "Umelala."

Na kweli mabishano yakaanza. Wako waliosema usukani umelegea. Wako waliosema umechoka kwa sababu ya mitungi na ukipumzishwa utarudi. Mzee wa kamati aliutazama kutoka pande zote, akasema kwamba kwa sheria, kitu ambacho hakijaonekana kimevunjika hakiwezi kuitwa kimevunjika, na kwamba yeye yuko tayari kutandaza shali ili pande zote mbili zipatane kuvunjika nusu.

"Fumua kitambaa," nikamwambia shemeji.

"Si changu kufumua."

Nikapiga simu tena, nikaiweka sauti ya juu. Uwanja mzima ukasogea kusikiliza.

"Anataka ruhusa," nikasema.

"Kata," sauti ya dada yangu ikasema. "Na wewe uliye hapo unasikia. Kata mwenyewe."

Muuza sambusa akatoa kisu chake cha vitunguu. Shemeji akachana mshono taratibu, uzi baada ya uzi, mpaka pazia likafunguka na bomba likabaki wazi juani. Hapana aliyecheka. Mkato wote ulikuwa mwekundu, mwekundu wa zamani, karibu mduara mzima. Sehemu iliyong'aa, ile iliyokuwa imeushika usukani mpaka asubuhi hiyo, haikuzidi kipande cha ukucha unaokatwa.

Shemeji aliiweka ncha ya kidole juu ya ile sehemu ndogo, akaiacha hapo.

"Jana niliwapeleka kliniki," akasema. Hakusema nani. Sote tulijua: mkewe nyuma, na mtoto katikati yao.

Kisha akainua macho, na nilidhani atanishukuru.

"Hata hivyo umenunua," akasema.

Tukaingia chini ya shali. Nakiri kwamba mara hii taratibu za mzee zilinifaa. Huku tukiulizana habari za malisho ya Balambala, tulianza na pikipiki nzima, tukashuka hadi gurudumu la mbele na kila kilicho juu yake, tukashuka hadi usukani, na tulipopigana mikono, nilikuwa nimenunua pazia. Dalali alisema hajawahi kuona mtu akipunguza kutoka ngamia hadi kamba yake.

Sasa shemeji, mwenye kisu cha vitunguu mkononi na machungu moyoni, akageukia safu. "Haya," akasema, "tuwapime wote hivyo hivyo. Nani wa kwanza?"

Sijawahi kuona uwanja ukipoa haraka namna ile. Hakuna aliyetaka kupimwa, kwa kuwa kila mmoja alijua robo yake ilikuwa na urefu gani hasa. Na hakuna aliyetaka kupima, kwa kuwa angerudi nyumbani na pikipiki nne. Mmoja akakumbuka ana mgonjwa. Mwingine akasema maziwa yake yako juani. Yule wa Kotile, aliyekataliwa asubuhi, akaomba apimwe upya ili akataliwe tena pamoja na wengine.

Mzee wa kamati alikuwa na shida yake. Zawadi ilishatangazwa hadharani, na yeye ni mtu wa neno lake. Beberu hawezi kurudi zizini bila mshindi. Aliwaza kwa muda, akizungusha ndevu. Kisha akatamka uamuzi: mbio zitakimbiwa, uwanja ni ule ule, mizunguko ni ile ile. Kwa miguu.

"Na helmeti?" mmoja akauliza kwa dhihaka.

"Helmeti lazima," mzee akasema. "Si tumesema usalama?"

Basi wakakimbia. Wanaume wazima wa bodaboda wa Garissa, helmeti kichwani, wengine na vioo vimeshushwa, wakazunguka bwawa kavu kwa vumbi na kelele. Kwenye kona ya kushoto wengine waliegemea upande, mguu wa ndani umenyooshwa nje, kama walivyozoea. Mmoja alikuwa akibadilisha gia. Muuza sambusa alicheka mpaka akaketi juu ya debe lake la unga.

Simu yangu ikalia.

"Nasikia kelele," dada akasema. "Wanashindana?"

"Wanashindana."

"Na yeye yumo? Kaka, kwa usukani wa nani?"

"Hakuna usukani. Wanakimbia kwa miguu."

Nilihisi anajaribu kuamua kama namdanganya. "Yuko wapi sasa?"

Nikamtafuta ndani ya vumbi. Alikuwa wa mwisho kabisa, helmeti imemshuka hadi puani, anakimbia peku kwenye udongo uliopasuka.

"Anakuja," nikasema. "Wenzake wamemwacha mbali."

"Mikono?"

"Yote miwili. Ameshika ndara, moja huku, moja huku."

Kule kwake kijiko kikaanza tena kugonga sufuria.